Vumbi la Klachi Nyekundu

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Ulikuwa umeegemea nguzo ya tatu kutoka mlangoni, ufunguo wa gari unauzungusha kidoleni, unasubiri kubadilishiwa oili. Fundi wa breki alipopaza sauti, "Vumbi!", ukageuza uso. Ulifanya tunavyofanya sote: ukatazama ukuta, ukabana pua kwa vidole viwili, ukahesabu mpaka kumi, kisha ukarudi kwenye simu yako kana kwamba hakuna kilichopita. Mimi nilikuwa ndani ya dirisha langu, dirisha la spea, na nilikuona. Miaka ishirini na mitatu nimekaa nyuma ya dirisha hilo. Nimeona visogo vingi vya watu kuliko kinyozi.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Mtu mbaya angebaki akatazama. Wewe uligeuka tu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

Kama umesahau, nikukumbushe desturi yetu. Kwenye gereji hii, fundi akifungua breki au klachi, anakuta ndani vumbi la kijivu, laini kama unga wa kujipaka, ambalo ni mabaki ya kile kitambaa kigumu kinachoshika chuma. Anachukua bomba la upepo la kompresa. Kabla ya kupuliza anaita, "Vumbi!", maana sisi ni watu wastaarabu, hatumpulizii mtu bila kumtangazia. Mnageuka. Anapuliza. Wingu linapanda, linatanda, linashuka juu ya vifaa, juu ya vikombe vya chai, juu ya nywele. Wote mmegeuka isipokuwa mmoja, aliyeshika bomba. Huyo hawezi kugeuka, anaangalia kazi.

Mimi shule niliiachia darasa la sita. Kusoma nilikosoma nilisomea kwenye maboksi ya spea na vijikaratasi vinavyokuja ndani yake, vile ambavyo wengine mnavitumia kufutia mikono. Ndimo nilimolikuta neno asbesto. Nyuzi nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara mia, zinazostahimili moto, ndiyo maana watengenezaji walizipenda sana. Ukizivuta zinaingia kifuani na hazitoki. Hazikuui leo wala kesho. Zinalala miaka ishirini, thelathini, kisha zinaamka. Kwa hiyo aliyekuuzia amekwishastaafu, aliyekuajiri amehama, na wewe unaambiwa ni sigara. Hata kama hujawahi kuvuta.

Nina kumbukumbu ndefu, na ni mzigo. Wa kwanza alikuwa fundi breki tuliyemwita Kofia, alianza kukohoa mwaka ule daraja lilipobebwa na maji. Tulisema ni baridi. Akafuata mwenzake wa benchi moja, yule aliyekuwa akipiga mluzi kutwa. Mluzi ukaisha kwanza, yeye baadaye. Halafu mfagiaji. Mfagiaji hakuwahi kushika spana maisha yake yote, alikuwa anafagia tu. Kila mazishi nilisimama nikasema neno hilo moja, asbesto, na kila mara mtu mzima mmoja alinishika bega akaniambia, "Dada, leo si siku yake." Nikauliza siku yake ni lini.

Sasa hasira bado ninayo, ila imezeeka. Inakaa chini kila baada ya hatua mbili.

Wa nne ni kaka yangu.

Kaka ndiye fundi wa klachi. Zamani walimwita Mshale, kwa sababu alikuwa akishusha giaboksi na kuirudisha wengine hawajamaliza kutafuta jeki. Siku hizi wanamwita Kobe. Anacheka nao, maana jina la utani ukilikasirikia linanenepa. Lakini anapotoka benchi mpaka dirishani kwangu, hatua kumi na nane, anasimama mara mbili. Mara ya kwanza anajifanya anakagua tairi la mtu.

Jumapili moja wifi yangu, mkewe, alikuja kwangu na bahasha kubwa ya picha ya kifua. Hakukaa. Alisema daktari amewaonyesha upande wa kushoto umekauka, umekuwa kama dodoki, na upande wa kulia ndio anaoishi nao.

"Alichobaki nacho kinamtosha," wifi akasema. "Lakini hakina akiba. Vumbi lolote, wifi, si la asbesto tu. Lolote."

"Amekubali kuacha?"

"Kaka yako? Amesema akikaa nyumbani atakufa na mimi nitamsumbua. Maneno yake hayo, kwa mpangilio huohuo." Akaikunja bahasha. "Aende kazini. Ila akipuliza tena, au akapuliziwa, na wewe uko pale dirishani unatazama, usije ukanipigia simu kunipa pole."

Niliapa. Sikuapia kitabu, nilimwapia yeye, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatano ikaingia gari la daktari wa meno.

Lilisukumwa, halikuendeshwa. Gari la chini, milango miwili, bluu iliyokolea kama wino, matairi mapana, na injini iliyoongezewa turbo kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo. Mwenyewe ni mtu mpole, ana mikono safi, anasema "samahani" hata kwa jeki. Lakini Jumamosi anakwenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege kushindana na wenzake kwa kasi, na huko, wanasema, anakuwa mtu mwingine.

"Dokta, limekupata nini?" kaka akauliza.

"Samahani, fundi. Nikikanyaga mafuta gia ya nne, injini inapiga kelele mpaka mbinguni, gari lenyewe linatembea kama bibi harusi."

"Klachi inateleza."

"Ndiyo. Na Jumamosi kuna mashindano. Nataka nyingine, kali zaidi. Injini imepimwa, ina nguvu za farasi mia tatu na themanini."

Kaka alicheka, kisha akakohoa. Kikohozi chake hakina kohozi. Ni kikavu, kama mtu anayekwangua sufuria ambayo haina kitu.

Nikapanga maboksi matatu juu ya dirisha. La kwanza lilikuwa la klachi yenye kitambaa cha kawaida, kile laini, ila presha pleti yake, yaani sahani ya chuma inayokibana, ina springi kali zaidi. Pembeni ya boksi imeandikwa jina la kiwanda, anwani, na kwamba haina asbesto. La pili lilikuwa la klachi ya vidonge: badala ya kitambaa cha mviringo ina vidonge sita vya kauri na shaba, kila kimoja kama kiberiti. La tatu lilikuwa boksi jeupe lisilo na neno hata moja. Ndani, klachi iliyopakwa rangi nyekundu.

"Hiyo," daktari akasema papo hapo. "Nyekundu. Ndiyo iliyomo sasa hivi."

"Na ndiyo iliyoungua," nikasema.

"Ilinifaa miaka miwili, dada. Laini kwenye foleni, na uwanjani inashika."

"Nyekundu haina mpinzani," kaka akasema, akaipapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. "Ikipata moto ndiyo kwanza inakaza."

"Inakaza kwa sababu ya nini, kaka?"

"Usianze."

"Hata pakiti ya biskuti inasema ndani kuna nini. Hii haina jina la baba wala la mama."

Hapa sina budi kusema, maana nisiposema mimi utasema wewe: Nyekundu niliiuza mwenyewe. Miaka saba. Nilijua boksi halina maandishi, na mimi ndiye msomaji wa maboksi. Wateja waliipenda, mafundi waliipenda, mimi nikaitoa rafuni na kuangalia pembeni. Kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa juu ya mlima. Niko nawe shimoni, tofauti ni kwamba mimi nimefumbua macho na naona ngazi haipo.

"Basi hii ya vidonge," daktari akasema. "Itashika?"

"Itashika mpaka ujute," kaka akajibu. "Dokta, hii ni ya mtu asiyejua foleni. Ukiachia pedali, gari linaruka kama limekanyaga siafu. Pale kwenye kilima cha kwenda kliniki kwako, wenye magari ya nyuma watakuita kila jina. Halafu inakula flaiwili, lile gurudumu la chuma linalosuguana nayo. Baada ya mwaka unanunua vyote viwili."

"Na hii ya kwanza?"

Kaka akabinua mdomo. "Ya kwanza ni ya mtu mzima. Inaweza kutosha, inaweza isitoshe. Sijui bado." Akachukua spana zake. "Ngoja kwanza nisome vumbi."

Hapo ndipo moyo uliponitoka.

Kusoma vumbi ndiyo sifa ya kaka. Hakuna mwingine anayeweza. Akishafungua, kabla ya kupuliza, anachota vumbi kidogo kwa vidole viwili, analisugua, analinusa, wakati mwingine analigusisha ulimi. Kisha anakuambia klachi yako ilikufaje. Aliwahi kumwambia mwenye pikapu, "Wewe unabeba mchanga, na ukisimama mlimani unalishikilia gari kwa klachi badala ya breki." Yule mtu alishika mdomo. Watu walikuja kutoka mbali kusomewa vumbi. Likiwa chungu, ni joto. Likiwa na utelezi, oili inavuja. Likiwa kama majivu ya karatasi, klachi ilizidiwa nguvu. Miaka thelathini na moja alilinusa, na kwa kusoma hivyo ndivyo alivyokuwa akijua amchagulie mteja klachi ipi.

Nikatoka dirishani na ndoo ya maji, na ile chupa ya kupulizia maji niliyoazima kwa kinyozi.

"Hiyo ya nini?" kaka akauliza.

"Ya kulowesha. Kabla hujafungua, tunapitisha maji kwenye kile kitundu cha pembeni ya giaboksi. Ukishafungua, tunalowesha tena. Tunafuta kwa matambara, tunafunga kwenye mfuko. Hakuna bomba la upepo."

"Nikilowesha nitasoma nini? Tope?"

"Macho si unayo?"

"Mdogo wangu." Alisema polepole, mkono umeshika bampa ya gari. "Miaka thelathini na moja vumbi linanilisha."

"Na sasa linakula."

Fundi wa breki alikuwa kwenye sehemu ya pili, ameinamia gurudumu la lori. Tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. "Dada wa spea ameleta maji!" akatangaza. "Leo gari linabatizwa! Dokta, umeleta jina?"

Watu wakacheka. Nawe ulicheka, ndiyo.

Daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamgeukia. "Dokta, kazini kwako unavaa nini usoni?"

"Barakoa."

"Kwa nini?"

"Samahani... jino likisagwa linatoa vumbi. Na mate. Si salama."

"Msaidizi wako naye anavaa?"

"Lazima."

"Na hamna desturi ya kuita 'Vumbi!' halafu mgonjwa ageuze uso?"

"Mgonjwa akigeuza uso," Redio akadakia, "Dokta si atang'oa sikio!"

Gereji nzima ikacheka tena, hata kaka. Lakini daktari hakucheka. Alikwenda garini, akafungua kisanduku cha mbele, akatoa barakoa mbili mpya, moja akampa kaka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, fanya anavyosema dada yako."

Kaka alikaa juu ya tairi, mikono amekunja. Nikaanza mwenyewe. Nikapiga magoti pembeni ya gari lililokuwa limeinuliwa kwenye stendi, nikaelekeza chupa kwenye kitundu, nikaminya, nikaminya. Maji mengi yalinirudia usoni.

"Lete hapa," kaka akasema baada ya muda. "Unamwagilia maua?"

Akavaa barakoa, akaichukua chupa. Alifanya kazi ile kama anavyofanya kazi yoyote: vizuri. Aliposhusha giaboksi, hakuna kilichopaa. Badala ya wingu, ulidondoka ndani ya beseni uji wa kijivu, mzito, kimyakimya. Tulisimama tukautazama. Uji wa klachi moja tu. Nilifikiria klachi za miaka thelathini na moja, sikuweza kumaliza hesabu, nikaacha.

"Nimekuwa dobi," kaka akanung'unika, akifuta kwa tambara. "Mshale amekuwa dobi."

Lakini mkono wake ukasimama. Alikuwa ameishika ile presha pleti nyekundu ya zamani, ameielekeza mlangoni penye mwanga. Katikati yake kuna ndimi nyembamba za springi, zimepangwa kama miale ya jua, na dereva akikanyaga pedali beringi inakuja kuzisukuma. Ncha za zile ndimi zilikuwa zinang'aa kama kioo, na zimechimbika mfereji.

"Mnaona?" akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Beringi imezisugua kila siku, saa zote. Klachi haikuzidiwa na injini. Hii haikupata hata nafasi ya kubana." Akamtazama daktari. "Dokta, ukiendesha, mguu wa kushoto unauweka wapi?"

"Sakafuni."

"Sakafuni?"

"Ndiyo... nadhani."

Redio akaleta kiti cha plastiki. "Kaa, Dokta. Endesha."

Daktari akaketi katikati ya gereji, akashika usukani wa hewa, akaona haya. "Sasa niko barabara kuu," akasema. Na sisi wote tuliangalia chini, na tuliona: mguu wake wa kushoto ulikuwa umening'inia, kisigino chini, kidole gumba juu, unakanyaga kitu ambacho hakipo.

"Yesu na Maria," Redio akasema. "Huyu amepanda juu ya klachi kama kuku juu ya mayai."

Daktari aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ni ile mashine ya kusagia meno," akasema polepole. "Inaendeshwa kwa mguu. Goti la kulia linaniuma, kwa hiyo natumia wa kushoto. Kutwa nzima uko juu ya pedali. Huwa... huwa siuondoi."

Tulicheka mpaka kaka akaketi tena kwenye tairi. Daktari mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

Basi ikaamuliwa. Si Nyekundu, si vidonge. Boksi la kwanza, lenye jina la baba na la mama. Springi zake zinabana nguvu za farasi mia nne na ushee, zinatosha na kubaki, kama tu atautoa mguu. Kaka akaagiza kibamba cha chuma kiunganishwe pembeni ya pedali, mguu wa kushoto upate pa kulala. "Na ukiusikia unapanda," akamwambia, "jipige kofi. Mwenyewe, usinisubiri mimi."

Alikuwa amechagua kwa macho. Hakunusa chochote. Akanitazama juu ya barakoa, hakusema asante, kaka yangu hajui kusema neno hilo kwa mdogo wake, ila alisema, "Maji yako si mabaya sana." Nilikuwa na furaha kwa muda wa kunywa glasi ya maji.

Kufunga klachi kuna dakika moja ngumu. Gari liko juu ya stendi, fundi amelala chali chini yake. Pleti, ile yenye kitambaa, imekaa kwenye flaiwili, katikati umechomekwa mti wa kuiweka sawa, na fundi ameinua presha pleti kwa mikono miwili, ameiegemeza, huku anatafuta bolti ya kwanza kwa vidole. Chuma kile kizito. Ukikiachia, kinakuangukia usoni. Barakoa alikuwa ameivuta chini ya kidevu. Ilikuwa imelowa, haipitishi hewa, na anayeishi kwa upande mmoja hawezi kuvuta hewa kupitia tambara bichi.

Dakika hiyo ndipo Redio alipoita, "Vumbi!"

Hakuwa na ubaya. Dakika chache nyuma alikuwa amecheka nasi, ameleta kiti. Lakini kazi yake ilikuwa kazi yake, gurudumu la lori lilikuwa wazi, na bomba lilikuwa mkononi. Mkono ulifanya ulichozoea.

Daktari akageuka. Wewe ukageuka. Na mimi, niliyeapa, niliyebeba ndoo, niliyewafokea watu makaburini: shingo yangu iligeuka yenyewe. Nilikuwa natazama ukuta, kalenda ya mwaka juzi, kabla akili haijanifikia.

Nilipogeuka tena wingu lilikuwa limeshapita upande wetu. Kaka alikuwa palepale chini ya gari, mikono juu, amefumba macho. Hakuwa na pa kugeukia. Hakuiachia klachi ya mtu. Aliingiza bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kifua kinaruka, na alipofika ya sita akatoka, akaenda mpaka nguzo ya tatu, ile yako, akaikumbatia.

Kilichofuata ni wodi. Siku tisa. Daktari wa kifua alisema kifua kibovu hakiulizi vumbi la aina gani. Wifi alikuja kila siku na chakula, akanipita mlangoni. Simu ya pole sikupiga, nilikuwa nimekatazwa. Redio alikuja siku ya pili, akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Mwishowe alisema, "Nilisahau tu, bro."

Kaka akamjibu kupitia kile kijipira cha hewa, "Mimi nimefanya hivyo kwako mara ngapi?"

Daktari wa meno alishika nafasi ya pili Jumamosi ile. Klachi haikuteleza hata mara moja. Alituma picha, mguu wa kushoto umelala kwenye kibamba.

Kwa wiki moja gereji ilikuwa na ndoo kila sehemu. Niliweka mwenyewe, na chupa, na matambara. Wiki ya pili ndoo mbili zilikwenda kuoshea magari. Moja ikawa ya kukalia. Kwenye moja nilikuta sambusa. Nilizikusanya, nikazirudisha, nikaongea, wakaniambia ndiyo dada, kweli dada. Nimechoka kuambiwa kweli. Kweli isiyobeba maji ni kelele.

Nyekundu zilizobaki rafuni, kumi na moja, nimezifunga kwenye mifuko na kuzitoa. Ila dirisha jingine la spea, mtaa wa nyuma, wanazo tele.

Leo kaka amerudi. Wifi amemsindikiza mpaka mlangoni, amenitazama mara moja, ameondoka. Ametembea zile hatua kumi na nane na kusimama mara nne, na sasa ameketi kwenye benchi lake, anapanga spana kwa ukubwa, amefurahi kama mtu aliyerudi kwao. Anasema hatagusa kazi ya vumbi. Hahitaji kuigusa. Sehemu ya pili, mita nne kutoka alipo, Redio ameinua lori lingine. Anazungumza na dereva, anacheka, na mkono wake, usio na ubaya wowote, unapapasa nyuma yake kutafuta bomba.

Nami niko mbali, nyuma ya dirisha, na shingo yangu unaijua sasa.

Wewe umeegemea nguzo ya tatu. Ndoo iko mguuni pako, ina maji, nimeijaza asubuhi. Usitazame ukuta. Usihesabu mpaka kumi. Weka simu mfukoni, inama, chukua ndoo hiyo, nenda ukalimwagie gurudumu la lori maji kabla hajaita.

Nenda. Sasa hivi.